RABOTI NA TEZO
Historia ya kazi ya mbao ya mikono, na ya wale wanaoifanya kwa mapendo



Katika kitabu cha yubile watu huzoea kutafuta majina ya wapadri waliotangulia, hesabu ya wabatizwa na picha za kanisa. Hayo yote ni mema na yana pahali pake. Lakini kuna historia ingine ambayo haikuandikwa katika registre yoyote, ijapokuwa tunaikalia kila siku ya yenga: ni historia ya mbao. Benchi, mulango, dirisha, kiti cha maungamo, meza ya masomo, hata sanduku la kumuzikia mukristu: katika misioni za zamani za inchi yetu vitu hivi vilitoka mikononi mwa watu wenye musumeno, raboti na patasi.

Siku hizi mashini zimeshika sehemu kubwa ya kazi ile. Lakini hapa na pale tunakuta mutu, mwalimu ao karani ao muzee aliyekwisha kuingia katika pansioni, ambaye jioni, ao siku ya posho baada ya kazi, anatoa vyombo vyake katika kisanduku na kutengeneza kiti kwa mikono, bila kuomba feza kwa mutu. Jirani wanamucheka. Wanasema: anachezea miti, angeweza kununua kiti sokoni. Makala haya yataka kuonyesha kwamba mutu yule hastahili kuchekwa. Historia inatufundisha kwamba kila mara mashini ilipochukua kazi ya seremala, ni watu kama yeye waliolinda ufundi usipotee.

I. VYOMBO VINA MAJINA, NA MAJINA YANA HISTORIA

Tukitaka kujua njia ambayo kazi hii ilipita kufika kwetu, tufungue kisanduku cha fundi na kusikiliza majina ya vyombo vyake.

Nyundo na shoka ni majina ya mababu. Katika lugha nyingi za Kibantu, toka mashariki hata magaribi, tunayakuta majina yanayofanana na haya, ni kusema watu wetu walikuwa nayo tangu kale, zamani za kwanza za kufua chuma. Musumeno nao ni mutoto wa nyumbani: ndani ya jina lake tunasikia neno meno, na kweli chombo chenyewe ni safu ya meno. Lakini musumari ni neno la Kiarabu, na randa ni neno la Waajemi. Yote mawili yalitoka pwani, pamoja na misafara ya biashara iliyopita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe. Meza ililetwa na Wareno. Kiisha Wabelgiji na wamisionari wakaja na Kifaransa chao, na fundi wa kwetu akaanza kusema raboti pahali pa randa, kole pahali pa gundi, na kuita musumari wenye kuzungushwa visi. Hata yeye mwenyewe, aliyeitwa seremala, watu wakamuita menizie.

Basi kisanduku kimoja kina lugha za mababu, za Waarabu na Waajemi, za Wareno na za Wafaransa. Ufundi wa mbao hauna taifa moja. Kila taifa lilipokea, likaongeza kitu chake, likapitisha kwa wengine.

II. MABABU ZETU NA TEZO

Kuna watu wanaofikiri kwamba kazi nzuri ya muti ilianza kwetu siku wamisionari walipofungua sanduku zao. Hapana. Chombo kikubwa cha mababu kilikuwa tezo, ni kusema shoka ndogo ambayo makali yake yanalala kama ya jembe. Fundi alishika kipande cha muti kwa mukono wa kuume ao wa kushoto, akapiga kidogo kidogo kwa tezo, kiisha akamalizia kwa kisu na kulainisha kwa majani makavu yenye kukwaruza. Kwa vyombo hivi Waluba walichonga viti vya wafalme wao, ambavyo mwanamuke wa muti anabeba kikalio juu ya kichwa na mikono yake. Kiti kizima, pamoja na mwanamuke, vilitoka katika gogo moja, bila kiungo hata kimoja, bila kole wala musumari. Wahemba na Watabwa walikuwa na mafundi wa namna ile ile. Karibu ya kijiji cha Buli palitoka viti ambavyo leo vinalindwa katika nyumba kubwa za makumbusho huko Ulaya na Marekani, na wenye elimu wanavitazama kwa mushangao.

Watshokwe, kusini ya inchi yetu na katika Angola, walitupa mufano mwingine. Waliona viti vya Wareno, vyenye miguu mine, mbao za kuunganishwa, ngozi ya kukalia na misumari ya shaba. Hawakuviiga kama kasuku. Walijifunza ginsi ya kuunganisha mbao, kiisha katika zile mbao za katikati wakachonga maisha yao wenyewe: watu wakitwanga, wakicheza ngoma, wakibeba mizigo. Hivi kiti cha mugeni kikageuka kiti cha mufalme Mutshokwe.

Tofauti ya njia hizi mbili ni hii. Mwenye tezo anatafuta kitu kilichofichwa ndani ya gogo, naye anaondoa tu. Mwenye raboti anapasua gogo kuwa mbao, kiisha anaziunganisha. Gogo moja halitoshi kufanya mulango wa kanisa. Kwa hiyo misioni zilipoanza kujenga nyumba kubwa, njia ya pili ilihitajiwa.

III. NJIA NDEFU YA RABOTI

Njia hiyo ya kuunganisha mbao ni ya zamani sana, tena Afrika ina sehemu yake kubwa. Wamisri wa kale walikuwa na misumeno ya shaba, patasi, tezo, na kitoboleo chenye kuzungushwa kwa upinde. Hawakuwa na raboti. Walilainisha mbao kwa tezo na kwa mawe. Hata hivi, kaburi la mufalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka wa 1922, viti, vitanda na masanduku vilikutwa ndani, vyenye viungo imara baada ya miaka zaidi ya 3,000.

Raboti tunaiona wazi kwa Waroma. Katika muji wa Pompeii, uliozikwa chini ya majivu ya mulima wa moto mwaka wa 79 baada ya Kristu, waligundua raboti ambazo fundi wa leo angezitambua mara moja: mwili, tundu la kati, kisu cha chuma na kabari ya kukikaza. Ni karibu ya nyakati zile zile ambapo, katika muji mudogo wa Nazareti, Yosefu alifanya kazi ambayo Injili inaitaja kwa neno la Kigriki tekton, ni kusema fundi wa kujenga na wa mbao. Papa Pio XII aliiheshimu kazi hiyo mwaka wa 1955, alipoweka tarehe 1 ya mwezi wa tano kuwa sikukuu ya Mutakatifu Yosefu Mufanyakazi.

Kwa karne nyingi ufundi huu ulipita toka kinywa hata sikio, toka baba hata mutoto. Vitabu vilikawia. Huko London, Joseph Moxon alianza kuchapisha maelezo ya kazi za mikono katika miaka ya 1670, akaeleza vyombo vya seremala kimoja kimoja. Huko Paris, André-Jacob Roubo, aliyekuwa yeye mwenyewe seremala na mutoto wa seremala, alianza mwaka wa 1769 kutoa kitabu kikubwa juu ya kazi yake, pamoja na picha nyingi alizozichora kwa mukono wake. Mukumbuke majina haya mawili, maana tutayakuta tena.

IV. SANDUKU LA MISIONI

Wapadri Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo mwaka wa 1878, wakafika Ujiji mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1879, kisha safari ya miezi zaidi ya sita. Vitu vyao vilibebwa na wapagazi, na muzigo wa mupagazi mumoja ulikuwa kilo makumi tatu hivi. Tufikiri kidogo juu ya hesabu hii. Hakuna mashini ya kupasua mbao iliyoweza kupita katika njia ile. Lakini chuma cha musumeno, visu vya raboti, patasi kadhaa na jiwe la kunoa, vyote vilitosha katika muzigo wa mutu mumoja, tena na nafasi ilibaki. Vipini na miili ya muti vingeweza kufanywa huku huku. Vyombo vya mikono vilikuja kwetu kwa sababu vilikuwa vyepesi.

Mwaka wa 1885 Wapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala kwenye kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1893 walianzisha Baudouinville, ambayo leo tunaiita Kirungu, karibu ya Moba. Huko Kasai, Mapadri wa Scheut walianzisha mwaka wa 1891 misioni ya Luluabourg, wakaiweka chini ya jina la Mutakatifu Yosefu. Katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Wasalesiani walifika mwaka wa 1911, wakafundisha vijana kazi za mikono pamoja na masomo ya kitabu. Katika misioni nyingi kazi ya mbao ilikuwa mikononi mwa Mafurere, watu ambao historia haiwataji sana, na mwa vijana wa kwetu waliosimama karibu yao.

Muti ulipasuliwa namna hii. Gogo liliwekwa juu ya shimo ao juu ya jukwaa la miti. Mutu mumoja alisimama juu ya gogo, mwingine chini, wakishika musumeno murefu kila mumoja upande wake. Wa juu alifuata mustari na kuongoza. Wa chini alivuta, macho yake yakijaa unga wa muti. Siku nzima ilipita kwa mbao chache. Mbao zile zilipangwa kivulini, vijiti katikati yao hewa ipate kupita, zikangoja miezi mingi kabla ya kuguswa na raboti. Watu waliovuta musumeno ule wa chini hawakuandikwa popote. Yubile ni wakati mwema wa kuwakumbuka katika sala zetu.

V. MASHINI ZINAINGIA

Wakati ule ule ambapo kwetu musumeno wa watu wawili ulikuwa bado kitu kipya, huko Ulaya kazi ya mikono ilikuwa imekwisha kushindwa. Mwaka wa 1793 Samuel Bentham, Mwingereza, alipata hati ya serikali kwa mashini za kufanya kazi ya mbao. Kiisha, katika bandari ya Portsmouth, toka mwaka wa 1803 hata 1808, Marc Brunel na Henry Maudslay waliweka mashini za kufanya puli za merikebu za vita. Watu 10 wakafanya kazi iliyofanywa mbele na mafundi 110, na katika mwaka wa 1808 puli 130,000 zilitoka pale.

Tusidanganyane: mashini ziliwapumzisha watu wengi waliochoka. Hakuna anayelilia shimo la kupasulia mbao. Lakini pamoja na jasho, kitu kingine nacho kilianza kupotea. Yule aliyesukuma mbao ndani ya mashini hakuhitaji tena kusoma nyuzi za muti, wala kunoa kisu, wala kujua kwa nini ubao huu utapinda na ule hautapinda. Mashini ilimujulia. Na baba ambaye hajui jambo hawezi kulipitisha kwa mutoto.

VI. WALE WALIOIFANYA KWA MAPENDO

Hapa ndipo wanaingia watu wetu wa siku ya posho.

Watu waliofanya kazi ya muti kwa furaha tu walikuwako tangu zamani. Mwaka wa 1701, katika muji wa Lyon, mutawa Charles Plumier, wa shirika la Waminimu, alichapisha kitabu juu ya ufundi wa kuzungusha muti na kuuchonga unapozunguka. Kitabu kile kilisomwa sana na watu ambao hawakutafuta mushahara wowote katika kazi hiyo. Petro Mukubwa, mufalme wa Urusi, alikuwa na vifaa vya namna ile katika nyumba yake, na baada ya mashauri ya ufalme alikwenda kushika patasi. Mufalme na mutawa: mumoja alikuwa na mali yote, mwingine aliiacha mali yote, nao walikutana mbele ya kipande cha muti.

Katika karne iliyofuata, walimu wakalishika jambo hili. Huko Finland, Uno Cygnaeus alitaka kazi ya mikono ifundishwe katika masomo ya watu wote, na mwaka wa 1866 sheria ya inchi yake ikaiingiza. Huko Uswidi, Otto Salomon alifungua pahali paitwapo Nääs masomo ya walimu, na walimu wa mataifa mengi walikwenda kujifunza kwake. Mutoto alianza na kisu na kijiti, akapanda ngazi polepole hata kufanya kitu chenye kutumika nyumbani. Kusudi la Salomon halikuwa kufanya watoto wote kuwa maseremala. Alitaka mukono na jicho vifundishwe pamoja na akili, mutoto apende kazi na kuiheshimu.

Kiisha, katika miaka ya 1970, mashini zilipokuwa zimekwisha kutawala kabisa, watu wengi wa Marekani na Ulaya walianza kurudilia vyombo vya babu zao. Mwaka wa 1976 James Krenov, aliyejifunza ufundi huko Uswidi, alitoa kitabu juu ya kazi yake, akafundisha kwamba fundi asikie muti kabla ya kuukata. Toka mwaka wa 1979 Roy Underhill alionyesha katika televizyo ginsi ya kufanya kazi bila umeme hata kidogo. Wengi waliowafuata walikuwa waganga, walimu, makarani. Waliokota raboti zenye kutu katika nyumba za wazee, wakazisafisha, wakazinoa. Na walipotaka kujua ginsi ya kuzitumia, walifungua tena Moxon na Roubo, maana mafundi walioweza kuwaeleza walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hii ndiyo nguvu na huzuni ya historia yao: walilazimika kujifunza katika kitabu cha miaka 200 kile ambacho babu angewaonyesha kwa siku moja.

VII. MUKONO UNAJUA NINI?

Wageni wetu wanaweza kuuliza: ni ujuzi gani huu unaostahili maneno mengi hivi? Tutaje mambo matatu tu.

La kwanza ni kunoa. Kisu cha raboti kinanolewa kwa kuinama kiasi cha digri 25 hata 30, na upande wa nyuma unabaki sawasawa kabisa kama kioo. Chombo butu kinadai nguvu, nacho nguvu nyingi inaharibu kazi na kujeruhi mukono. Chombo kikali kinateleza chenyewe, na maranda, yale maganda membamba, yanatoka marefu kama utepe.

La pili ni kusoma nyuzi. Muti una upande wa kuendea na upande wa kurudilia, kama manyoya ya muzoga wa mbuzi. Ukisukuma raboti kinyume cha nyuzi, ubao unapasuka na kuonyesha vidonda. Fundi anatazama ubavu wa ubao kabla ya kuanza, na anausikia kwa sauti: raboti inayokwenda vema inaimba, inayokwenda vibaya inanguruma.

La tatu ni kujua kwamba muti haufi. Hata ukikatwa na kukauka, unavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Kwa urefu haubadiliki sana, lakini kwa upana unabadilika. Ndiyo sababu mulango mwema haukufanywa kwa ubao mumoja mupana wenye kupigiliwa misumari. Fundi alifanya kwanza ukingo wa mbao nyembamba, ulimi wa moja ukiingia katika tundu la ingine. Kiisha akaweka ubao mupana ndani ya mufereji wa ukingo, bila kole, upate nafasi ya kupumua. Milango ya namna hii inapita mvua na viangazi vya miaka mingi bila kupasuka. Iliyofanywa kwa haraka, kwa mbao mbichi, inapasuka katika kiangazi cha kwanza.

Mambo haya matatu hayako ndani ya chombo. Yako ndani ya mutu, na yanapita kwa mutu mwingine wakati wote wawili wanasimama mbele ya meza moja.

VIII. NENO KWA PAROKIA

Na sisi je? Kwetu saa ya Moxon na Roubo haijafika, kwa maana wazee wanaojua wangali hai katika parokia nyingi. Lakini wanapungua. Kisanduku cha muzee kinapofunguliwa baada ya maziko, mara nyingi watoto wanauza chuma kwa kilo, na miili ya muti inaingia motoni. Siku ile parokia inapoteza kitabu ambacho hakina nakala.

Tena tusisahau hali ya inchi yetu. Vijiji vingi havina umeme. Mashini isipopata umeme ao mafuta inalala, lakini raboti haihitaji kitu kingine ila mukono na jiwe. Na msumeno wa mota unaangusha kwa saa moja muti uliokua kwa miaka mia. Yule anayefanya kiti kwa mukono anautumia muti kwa heshima, kwa sababu anajua bei ya kila ubao kwa mugongo wake mwenyewe. Hatupi kipande ambacho kingeweza kuwa mupini ao mukungu wa kiti.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa yubile, tunaomba mambo madogo. Mwenye vyombo vya baba yake asiviuze kama takataka. Avipake mafuta na kuvilinda. Kijana aende kwa muzee, ampe shikamoo, aombe kufundishwa kunoa kisu kimoja tu, mengine yatafuata. Walimu waandike majina ya miti ya kwetu na kazi ya kila muti, kama wazee wanavyoyajua. Na benchi la kanisa likivunjika, litengenezwe kabla ya kufikiri kununua la plastiki.

Kwa wale wanaoshika raboti jioni bila mushahara, wanaochekwa na jirani, tunasema: profisia. Ninyi hamchezei miti. Muko katika mulolongo murefu wa mufalme na mutawa, wa mwalimu na mupagazi, wa mwenye tezo wa Buli na wa yule asiye na jina aliyevuta musumeno chini ya gogo. Wao walibeba ufundi huu hata ukafika mikononi mwenu. Mukae sasa na mutoto mumoja kando yenu, na kisanduku kiwe wazi.